Ng'ombe Ndani ya Hereni ya Ng'ombe: Historia ya Picha za Pakiti na Waliozichora

Najua niliahidi kwamba makala ya wiki hii ingekuwa sehemu ya pili ya ule mfululizo wa hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Lakini siku chache zilizopita rafiki yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, na tangu siku hiyo kila nikiketi mbele ya tarakilishi najikuta nasoma habari za mikebe ya kakao na visanduku vya jibini. Basi leo mnivumilie tuzungumze juu ya picha zilizo kwenye pakiti za vyakula. Nawahakikishia kompyuta haiko mbali.

Rafiki huyu ni mchoraji. Tulisoma pamoja shule ya upili. Mimi nikaenda chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, yeye akaendelea na penseli na rangi zake. Miaka miwili iliyopita kampuni ndogo inayouza asali ilimpa kazi ya kuchora lebo ya chupa. Akachora msichana aliyeshika chupa ya asali. Kwenye chupa hiyo kuna lebo, na kwenye lebo kuna msichana yuleyule ameshika chupa, na kwenye chupa hiyo kuna doa la rangi ya chungwa ambalo ukilikazia macho utaapa kwamba ni msichana tena. Aliponionyesha nilipiga kelele, "Hii ni rikasheni!" Akaniuliza huo ni ugonjwa gani.

Kwa wasomaji wasioandika programu: rikasheni ni pale kipande cha programu kinapojiita chenyewe ili kumaliza kazi yake. Nilimwandikia rafiki yangu kwenye karatasi hivi:

chora_lebo(upana):
    kama upana < nukta_moja: acha
    chora_msichana(upana)
    chora_lebo(upana / 5)

Yaani, ili uchore lebo, mchore msichana, kisha uchore lebo ileile kwa moja ya tano ya upana wake, na uendelee hivyo hadi iwe ndogo kuliko nukta moja ya wino. Ule mstari wa kuacha ndio muhimu kuliko yote. Usipouweka, programu itajiita bila kikomo mpaka kumbukumbu ya mashine ijae na kila kitu kikwame. Kila rikasheni inahitaji mahali pa kuishia.

Mchoraji wetu alilipwa shilingi 15,000, akashukuru, mambo yakaisha. Kumbe hayakuisha. Asali iliuzika. Sasa msichana yule yuko ubavuni mwa lori, yuko kwenye kalenda, yuko kwenye fulana za wauzaji, na mwaka huu ametokea kwenye pakiti ya majani chai ambayo rafiki yangu hakuwahi hata kuisikia. Alipopiga simu kuuliza, aliambiwa kwa upole kabisa, "Lakini kazi si tulikulipa?" Ndipo akanigeukia mimi: "Wewe unaandikia watu programu. Ukishamaliza, programu inakuwa ya nani?"

Nilibaki kimya. Nimekuwa nikiandikia wateja programu kwa miaka kadhaa na sijawahi kuuliza. Ndiyo maana nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kirefu kuliko nilivyodhani.

Enzi za kupima

Kwa muda mrefu bidhaa nyingi za dukani hazikuwa na picha kwa sababu hazikuwa na pakiti. Katika Ulaya na Marekani ya mwanzo wa karne ya 19, sukari, chumvi, chai na biskuti vilikaa kwenye mapipa na magunia, na mwenye duka akakupimia. Hali hii sisi hatuhitaji kusimuliwa. Mpaka leo mtaani unaweza kununua mafuta ya kupima au unga wa kupima, na unapofanya hivyo unayemwamini ni mwenye duka. Aliyetengeneza humjui na wala humuulizi.

Pakiti iliyofungwa kiwandani ilibadilisha mambo. Sasa mwenye viwanda alitaka umkumbuke yeye, na mwenye duka abaki mtu wa kukupokeza tu. Lakini utamkumbukaje mtu usiyemwona? Na vipi mtoto aliyetumwa dukani, ambaye bado hajui kusoma? Hapo ndipo picha ilipopata kazi. Mtoto haambiwi jina la kampuni, anaambiwa, "Lete ile ya ng'ombe."

Sheria ilifuata. Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili alama za biashara mwaka 1875, na tarehe 1 Januari 1876 alama ya kwanza kabisa ikaandikishwa: pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Mwaka 1879 huko Brooklyn, Marekani, mwenye kiwanda cha mifuko ya karatasi aitwaye Robert Gair aliona mfanyakazi wake ameharibu mifuko ya mbegu: chuma cha kukunja kilikuwa kimepanda juu kidogo, kikaikata. Watu wengine wangegomba tu. Gair yeye akafikiri: ikiwa chuma kimoja kinakunja na kingine kinakata, mbona mashine isifanye yote mawili kwa pigo moja? Kutokana na ajali hiyo visanduku vya kadibodi vikaanza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na kila kisanduku kilikuwa na nyuso zinazongoja kuchorwa.

Jiwe, mafuta na maji

Lakini picha ya rangi inaingiaje kwenye kisanduku? Hapa mtaniwia radhi, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi kama mtu wa mashine.

Mwishoni mwa miaka ya 1790, huko Bavaria, Ujerumani, Alois Senefelder alivumbua litografia. Kanuni yake ni ile unayoiona kwenye sufuria: mafuta na maji havipatani. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, unalilowesha jiwe kwa maji, kisha unapitisha wino wa mafuta. Wino unashika palipochorwa na kukataa palipolowa. Bonyeza karatasi, umepata nakala. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Mulhouse, Ufaransa, akapewa hataza ya kufanya hivyo kwa rangi, na kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Karatasi inapita jiwe la njano, la nyekundu, la buluu, na mengine hata kumi au zaidi, na kila mara lazima itue pale pale. Ikisogea kidogo tu, shavu la msichana linakaa nje ya uso wake.

Mikebe ya bati ilikuwa na shida yake: jiwe ni gumu na bati ni gumu, vikikutana wino haukai vizuri. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London alipata hataza ya mashine inayoweka silinda ya kati yenye uso laini zaidi. Picha inatoka kwenye jiwe kwenda silinda, na kutoka silinda kwenda bati. Wazo hilohilo la kupitisha picha kwa mkono wa tatu ndilo msingi wa uchapaji wa ofseti, unaochapa vitabu na pakiti nyingi hadi leo.

Zingatieni jambo moja, maana litarudi. Mchoraji alileta mchoro wake kwa rangi za maji. Fundi wa litografia akauchora upya juu ya mawe, rangi moja moja, mara nyingi kwa nukta ndogo ndogo. Fundi wa mashine akachapa. Kiwanda kikauza. Kufikia mkebe unafika mezani, mkono wa kwanza ulikuwa umefunikwa na mikono mingine mitatu, na jina lililobaki juu ya bati lilikuwa moja tu, jina la mwenye kakao.

Muuguzi wa Haarlem

Sasa tufike kwa dada wa yule msichana wa asali. Mwaka 1863 Gerardus Johannes Droste alifungua duka la vitamutamu mjini Haarlem, Uholanzi. Biashara ikakua ikawa kiwanda cha kakao. Mnamo mwaka 1904 mkebe wake ukapata picha mpya: mwanamke aliyevaa kama muuguzi, amebeba sinia. Kwenye sinia kuna kikombe na mkebe wa kakao ya Droste. Kwenye mkebe huo kuna muuguzi amebeba sinia lenye kikombe na mkebe, na ndani yake tena, na tena, hadi wino ukome.

Mavazi ya uuguzi hayakuwa ya bahati. Kakao wakati huo ilinadiwa kama kinywaji cha kujenga afya, na muuguzi aliyasema hayo bila neno hata moja. Mwili wake nao ulikuwa na asili. Inaaminika mchoraji aliegemea picha maarufu ya Jean-Étienne Liotard, mchoraji Mswisi wa karne ya 18, inayomwonyesha mtumishi wa kike akibeba sinia lenye kikombe cha chokoleti. Picha hiyo iko Dresden, Ujerumani. Kampuni ya Walter Baker ya Marekani ilikuwa imekwisha kumfanya mtumishi huyohuyo alama yake mwaka 1883. Liotard alifariki mwaka 1789, kwa hiyo hakuulizwa na mtu wala hakulipwa senti.

Aliyeleta jambo jipya ni mchoraji wa Droste, kwa kumrudisha muuguzi ndani ya mkebe wake mwenyewe. Na faida yake kibiashara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Picha ya chakula inaweza kukuonyesha chakula. Picha hii inakuonyesha mkebe. Inakufundisha ukifika dukani utafute kitu chenye sura gani, na inakufundisha mara tatu au nne kwa mtazamo mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mshairi na mwandishi wa magazeti wa Uholanzi, Nico Scheepmaker, aliupa mtindo huu jina la athari ya Droste, na kwa jina hilo umeingia kwenye hisabati na kwenye vitabu vya kompyuta. Droste amepata umaarufu ambao matangazo hayanunui. Na aliyechora? Maandishi mengine yanamtaja kama Jan Misset, mengine Jan Musset. Wazo lake linafundishwa madarasani, lakini herufi ya pili ya jina lake la ukoo bado inabishaniwa.

Niliposoma hapo nilimpigia rafiki yangu simu nikamsomea. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Angalau wangu wanajua namba yangu ya simu."

Ng'ombe mwekundu

Kuna mchoraji mmoja ambaye hakupotea hivyo, na pengine kazi yake umeiona kwenye friji ya duka kubwa: kile kisanduku cha duara chenye vipande vya jibini vya pembetatu, na juu yake ng'ombe mwekundu anacheka. Mtazame masikioni. Hereni zake ni visanduku vya jibini ileile, na kwenye hereni yumo ng'ombe aliyevaa hereni. Rikasheni tena!

Benjamin Rabier alizaliwa mwaka 1864 huko La Roche-sur-Yon, Ufaransa. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika soko kuu la Paris, Les Halles, huku akichora nje ya saa za kazi. Wenzangu mnaoandika programu usiku baada ya kazi ya mchana, huyu ni ndugu yenu. Alipata sifa kwa kuchora wanyama wenye nyuso za kibinadamu. Ndiye aliyechora ngano za La Fontaine katika toleo la mwaka 1906, na baadaye akamwumba bata Gédéon.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, magari ya jeshi la Ufaransa yaliyopeleka nyama freshi kwa askari yalikuwa na nembo za kuchorwa. Rabier alikichorea kikosi kimoja ng'ombe anayecheka. Askari wakambatiza Wachkyrie, mzaha wa matamshi: kwa Kifaransa maneno ya "ng'ombe anayecheka" yanasikika kama Walkyrie, wale wanawake wa vita katika hekaya za Kijerumani ambao adui alijivunia. Léon Bel, mtoto wa familia ya wauza jibini kutoka milima ya Jura, alihudumu katika vikosi vya usafirishaji, na yule ng'ombe hakumtoka akilini.

Baada ya vita Bel alianza kutengeneza jibini ya kuyeyushwa kwa ufundi uliotoka Uswisi, jibini inayostahimili safari na siku nyingi kuliko ya kawaida. Tarehe 16 Aprili 1921 akasajili jina La Vache qui rit, mjini Lons-le-Saunier. Ng'ombe wa kwanza kwenye kisanduku alikuwa mzima, amesimama, na ukweli ni kwamba hakuwa na ucheshi wowote. Basi kati ya 1923 na 1924 Bel akamrudia Rabier mwenyewe, na mchoro wa Rabier ukapitia kwa mchapaji Vercasson wa Paris. Ng'ombe akabaki kichwa tu, akawa mwekundu, akavishwa hereni. Inasimuliwa kwamba wazo la hereni lilitoka kwa mke wa Bel.

Tazameni tena idadi ya mikono: askari waliotoa jina, Rabier aliyechora, mchapaji, mke wa Bel na hereni zake. Nikiwauliza leo "ng'ombe huyu ni wa nani," kwa haki kabisa jibu si jepesi. Kwa sheria lilikuwa jepesi: alikuwa wa kampuni. Na kampuni ilimlinda kwa meno. Mjini humohumo Lons-le-Saunier kulikuwa na familia ya Grosjean iliyouza jibini yenye jina La Vache sérieuse, yaani ng'ombe asiyecheka, wa makini. Kesi ikaunguruma, na mwaka 1959 Grosjean wakapoteza haki ya kutumia jina hilo. Watu hawapelekani mahakamani kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

Kwa nini basi Rabier anakumbukwa? Kwa maoni yangu sababu ni kwamba alikuwa na jina kabla ya ng'ombe. Vitabu vyake vilikuwa mikononi mwa watoto Ufaransa nzima, kwa hiyo kumtaja kuliifaa kampuni yenyewe. Mwaka 2009 lilifunguliwa jumba la maonyesho ya ng'ombe huyu huko Lons-le-Saunier, na kuanzia mwaka 2014 wasanii wa kisasa wamealikwa kubuni visanduku vya toleo maalumu: Hans-Peter Feldmann akaanza, Thomas Bayrle akafuata mwaka 2015. Majina yao yanatangazwa. Yaani mchoraji anatajwa pale jina lake linaposaidia kuuza. Asiye na jina hana cha kuuzia.

Mwanamke wa siagi

Mfano mmoja wa mwisho, kwa sababu unaonyesha kwamba si pesa tu. Chama cha ushirika cha wafugaji huko Minnesota, Marekani, kinauza siagi ya Land O'Lakes. Mwaka 1928 Arthur C. Hanson alichora kwa ajili ya kisanduku chao mwanamke wa Wenyeji wa Marekani aliyepiga magoti, ameshika kisanduku cha siagi, na kwenye kisanduku hicho ni yeye tena.

Katika miaka ya 1950 kazi ya kumchora upya ikapewa Patrick DesJarlait, mchoraji wa kabila la Ojibwe kutoka Red Lake. DesJarlait aliingiza shanga za maua za Ojibwe kwenye vazi, na nyuma ya mwanamke akaweka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 kampuni ilimwondoa mwanamke kwenye pakiti, na mandhari ya ziwa yakabaki. Wengi walifurahi, kwa kuwa waliona ni sanamu ya dhihaka. Mwana wa DesJarlait, ambaye naye ni msanii, aliandika katika gazeti la Washington Post kwamba babake alichora mahali ambapo watu wa Red Lake wangepatambua, na kwamba kwake picha haikuwa dhihaka.

Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachoona ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 watu walikuwa na picha hiyo kwenye friji zao na wachache walijua kwamba Mojibwe ndiye aliyeishika kalamu. Wangejua, mabishano yangeanzia mahali pengine. Jina la mchoraji ni sehemu ya maana ya picha. Likiondolewa, kila mtu anajaza pengo kwa anavyoona.

Turudi nyumbani: inakuwa ya nani?

Mimi si wakili, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi mahali popote mwoneni wakili. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nimeisoma, na kifungu cha 31 kilinifanya nisimame nitembee chumbani. Kinaanza vizuri: hakimiliki kwanza ni ya aliyebuni kazi. Kisha kinaendelea: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa nyinyi wawili muwe mmekubaliana vinginevyo. Na kwa kuwa sheria hiyo inazihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi, linalompata mchoraji wa lebo linanipata na mimi.

Nilidhani kukaa kimya kunamlinda aliyeumba kazi. Hapa kwetu ni kinyume: mkikaa kimya, kazi inakwenda kwa mteja. Uingereza chini ya sheria yake ya 1988, mchoraji wa kujitegemea hubaki na hakimiliki hadi aihamishe kwa maandishi. Ufaransa hudai kila haki inayohamishwa itajwe moja moja, pamoja na matumizi yake, mahali na muda. Kwa hiyo ukiwa na wateja wa ng'ambo, uliza kwanza mkataba unafuata sheria ya nchi gani.

Lakini kuna kifungu cha 32, nacho ndicho nilichomsomea rafiki yangu mara mbili. Hata haki za kiuchumi zikishahama, aliyebuni kazi anabaki na haki ya kudai kwamba kazi ni yake, na ya kupinga ikiharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Msichana anaweza kuwa wa kampuni, na bado mkono uliomchora haubadiliki.

Nina kisa kimoja kabla ya kufunga. M. C. Escher, mchoraji Mholanzi, alichapa mwaka 1956 litografia ya kijana aliye ndani ya jumba la picha akitazama picha ya mji wenye jumba hilohilo alimo yeye. Picha inajizungusha ndani yake, na katikati Escher aliacha duara jeupe. Mwaka 2003 wanahisabati Hendrik Lenstra na Bart de Smit wa Leiden walionyesha kwamba picha hiyo inajirudia ndani yake ikiwa imepungua takriban mara 22.58 na kuzungushwa takriban nyuzi 157.6, wakalijaza pengo kwa kompyuta. Lakini Escher mwenyewe alikuwa ameweka nini katika lile duara? Sahihi yake.

Rafiki yangu aliposikia hivyo alicheka. Mwezi huu kampuni ya asali ilikuwa imemwomba lebo ya chupa ya nusu kilo. Tukapiga hesabu: lebo ina upana wa milimita 80. Ukigawa kwa tano unapata 16, kisha 3.2, kisha 0.64, kisha 0.128, kisha 0.0256. Mashine inayochapa nukta 300 kwa inchi ina nukta ya takriban milimita 0.085, kwa hiyo hatua ya nne ni nukta moja na nusu, na ya tano haifiki hata theluthi ya nukta. Akaamua kuishia hatua ya pili, kwenye chupa ya milimita 3.2, na badala ya msichana akaandika herufi mbili za majina yake. Mstari wa kuacha ukawa sahihi.

Lebo zilipotoka kwa mchapaji, herufi hazikuwepo. Alipouliza, kijana wa mashine alimwambia kwa fahari: "Kulikuwa na uchafu kidogo kwenye faili, nimekusafishia."

Tulicheka hadi machozi, kisha tukaketi tukaandika barua. Ilikuwa na mambo matatu tu. La kwanza, jina la mchoraji liwekwe pembeni mwa lebo kwa herufi za milimita mbili, na mchapaji aambiwe kwamba si uchafu. La pili, picha itumike kwa asali, na ikihamia bidhaa nyingine pawe na malipo mapya. La tatu, lebo ya zamani ilipiwe kwa kutumika kwenye majani chai. Mwenye kampuni alikubali la kwanza siku hiyohiyo, akashangaa hata kwamba linaombwa. La pili alikubali baada ya wiki, kwa lebo mpya. La tatu alikataa, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yameachwa bila maandishi, sina hakika kama kuna pa kumshikia.

Mimi nimefungua folda ya kazi zangu za miaka hiyo yote. Programu saba za wateja, na mkataba wa maandishi ni mmoja. Kesho naanza kuwapigia simu, na kwa kazi inayofuata karatasi itatangulia msimbo. Ukiwa mchoraji, mpiga picha, mwandishi wa programu au mtunzi wa matangazo, jiulize leo, kabla kazi yako haijapendwa, kwa sababu ikishapendwa mazungumzo yanakuwa magumu.

Na ukifika dukani, chukua kile kisanduku cha duara umtazame ng'ombe masikioni. Aliyemchora aliitwa Benjamin Rabier.

Wiki ijayo ni hifadhidata, bila visingizio. Wasalaam.